Kamba kwa kuskusi: chakula cha jioni cha mtu mmoja kwa dakika 25

Kupikia mtu mmoja si kuchukua mapishi ya watu wanne ukagawa kwa nne. Kamba wanagawanyika, kuskusi inagawanyika, chumvi inagawanyika. Upana wa kikaango haugawanyiki. Maji yanayopotea kwa mvuke hutegemea upana wa chombo na muda wa kukaa motoni, hayajali kama ndani mna chakula cha mmoja au cha wanne. Ndiyo maana wali wa mtu mmoja hushika ukoko kabla kiini hakijaiva, kitunguu saumu huungua kwenye kikaango kikubwa chenye kamba tisa tu, na mchuzi wa vijiko vitatu hukauka ukigeuka kutafuta sahani. Vipimo vilivyo hapa vimepangwa kwa mtu mmoja tangu mwanzo, kwa hiyo usivipunguze tena.

Kuskusi imechaguliwa kwa sababu ya haraka yake. Wapenda ubishi watasema si nafaka bali ni ndugu wa tambi, maana hutengenezwa kwa semolina ya ngano ngumu iliyoloweshwa ikaviringishwa. Hawajakosea. Lakini ile ya pakiti imekwishapikwa kwa mvuke na kukaushwa kiwandani, hivyo inataka kimiminika cha moto na dakika 5 tu. Na kwa kuwa inakunywa chochote unachoimwagia, tutainywesha supu ya maganda ya kamba badala ya maji matupu. Hapo ndipo ladha yote ilipo.

Vitu vya kuandaa

- Kamba wakubwa wasio na vichwa lakini wenye maganda, gramu 180 (kama 9 hivi). Wakiwa na vichwa, nunua gramu 280.
- Kuskusi ndogo ya kawaida, gramu 60. Kama huna mzani, ni theluthi ya kikombe cha mililita 250.
- Njegere za friza, gramu 40, yaani konzi moja.
- Kitunguu saumu, punje 2
- Siagi, gramu 20, ikatwe vipande viwili na irudi kwenye friji
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chai
- Limau nusu
- Chumvi, pilipili kavu iliyopondwa, magadi soda kidogo sana
- Majani ya kotimiri au giligilani, kama yapo

Vyombo ni sufuria ndogo ya upana wa sentimita 14 hadi 16 yenye mfuniko unaokaa vizuri, kikaango cha sentimita 20 hadi 22, chujio, na kikombe cha kupimia. Ukubwa wa kikaango usiuchukulie kama mapambo. Kwenye cha sentimita 30 kamba 9 hujaza robo tu ya eneo, robo tatu zilizobaki zinapata moto bila kazi, siagi inabadilika kuwa nyeusi pembeni na supu inaisha kabla haijawa mchuzi. Kwenye cha sentimita 16 kamba watabanana, watatoa maji na watachemka badala ya kukaangika.

Kuhusu kamba wenyewe

Anayepika peke yake afadhali anunue kamba waliogandishwa mmoja mmoja, si bonge moja la barafu. Unachukua tisa, unafunga mfuko, unaurudisha friza hapohapo. Bonge hukulazimisha kuyeyusha wote, na kamba aliyeyeyuka kwenye maji akagandishwa tena hurudi laini kama pamba.

Namba za pakiti kama 21/25 zina maana ya idadi ya kamba kwa ratili moja, yaani gramu 454. Namba ikiwa ndogo, kamba ni mkubwa. Wa 21/25 wana karibu gramu 20 kila mmoja na ndio wanaofaa hapa. Walio wadogo sana, 60 kwenda juu kwa ratili, huiva kabla hawajapata rangi. Soma pia orodha ya viambato. Ukiona E451 au neno fosfati, kamba wamelowekwa kwenye dawa ya kushikilia maji. Uzito uliolipia una maji ndani yake, na maji hayo yatatoka kikaangoni wakati usioyataka. Bora pakiti iliyoandikwa kamba na chumvi, au kamba peke yao.

Madoa meusi kwenye maganda na kichwani si lazima yawe uozo. Ni kazi ya vimeng'enya vya kamba mwenyewe baada ya kuvuliwa, sawa na tufaha lililokatwa likageuka kahawia. Kinachoamua ni pua. Harufu ya bahari, sawa. Harufu ya amonia, ile kali inayochoma pua, tupa. Hakuna limau litakaloiponya.

Kuyeyusha: watie kwenye mfuko usiopitisha maji, uufunge, uuzamishe kwenye bakuli la maji baridi kwa dakika 15 hadi 20. Maji ya moto huharakisha nje na kuacha barafu katikati, nyama ya nje inaanza kulegea na vijidudu vinapata joto vinavyolipenda. Ukikumbuka tangu jana, waache tu kwenye friji usiku kucha. Dakika 25 za kichwa cha habari zinaanza kuhesabiwa baada ya kamba kuyeyuka.

Kusafisha na kutia chumvi (dakika 6)

Menya maganda uyaweke kando, usiyatupe. Mkia unaweza kuuacha kwa ajili ya sura, ila mtu anayekula kwa uma mbele ya kompyuta atashukuru ukiuondoa. Pasua mgongo kwa kisu kidogo, kina cha milimita 3 tu, uvute ule uzi mweusi. Ni utumbo, na wakati mwingine una mchanga. Ukiwa hauna rangi, hauna kitu, uache.

Watie kamba kwenye bakuli, nyunyiza robo ya kijiko cha chai cha chumvi na nusu ya hiyo, yaani moja ya nane ya kijiko, ya magadi soda. Changanya, weka kwenye friji. Magadi hupunguza uasidi wa nyama, nayo hushikilia maji yake vizuri, ikiumwa inakatika kwa mlio badala ya kunyumbuka, na rangi ya kahawia inakuja upesi. Usiongeze. Magadi yakizidi, kamba huwa na ladha ya sabuni. Kama pakiti yako ni ile yenye fosfati, ruka magadi kabisa, wameshatiwa vya kutosha.

Supu ya maganda (dakika 12)

Weka sufuria ndogo kwenye moto wa wastani, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta na maganda yote, pamoja na vichwa kama vipo. Koroga kwa dakika 2, yageuke mekundu na mafuta yachukue rangi ya machungwa. Rangi hiyo ni astazanthini. Ganda bichi huonekana kijivu kwa sababu rangi hiyo imefungwa ndani ya protini. Moto unavunja protini na wekundu unatoka. Inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo ukiruka hatua hii ukatia maji moja kwa moja utapata supu iliyopauka na yenye ladha nusu.

Mwagia maji mililita 300, bana vichwa kwa mwiko, acha ichemke polepole bila mfuniko kwa dakika 10. Usiende mbali zaidi, dakika 20 huleta ukakasi. Chuja, ukikandamiza maganda yatoe yote. Utabaki na kama mililita 170 hadi 200. Ikipungua 160, ongeza maji mpaka hapo.

Wakati supu inachemka, kata punje za kitunguu saumu vipande vyembamba, kamua limau, kata majani. Usiponde kitunguu saumu. Kilichopondwa huungua kwa sekunde kwenye mafuta machache kama haya, vipande vinakupa nafasi ya kupumua.

Kuskusi

Pima mililita 100 za supu uirudishe kwenye sufuria ileile pamoja na njegere na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Iache ichemke dakika 1. Mililita 90 ni za kuskusi, 10 zitapotea kwa mvuke. Zima moto, mwaga kuskusi kwa kuitawanya, tikisa sufuria isawazike, funika, usiguse dakika 5.

Mapishi mengi husema weka kuskusi bakulini kisha mwagia maji ya moto. Kwa watu wanne inafanya kazi, maana maji mengi yanatunza joto. Kwa gramu 60 bakuli baridi linakunywa joto lote, na kuskusi inabaki na kiini kigumu kama mchanga. Sufuria iliyokwisha kupata moto inaondoa tatizo hilo, na chombo cha kuosha kinapungua kimoja.

Kamba kikaangoni (dakika 4)

Mfuniko ukishakaa juu ya kuskusi, nenda kwenye kikaango. Kila kitu kiwe karibu: siagi, kitunguu saumu, supu iliyobaki, limau, sahani. Kamba hawasubiri mtu.

Kwanza wakaushe. Watoe kwenye friji, watandaze juu ya karatasi ya jikoni au kitambaa safi, wabonyeze juu na chini mpaka karatasi isitoke na unyevu. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi na ndiyo inayoharibu kamba wengi. Maji hayapiti nyuzi joto 100 za Selsiasi, na rangi ya kahawia yenye ladha inaanza kujitokeza juu ya nyuzi 140 hivi. Maadamu kuna maji juu ya nyama, kikaango kinachemsha, hakikaangi.

Pasha kikaango kwa moto mkali kiasi, tia mafuta vijiko 2 vya chai. Yakianza kumetameta na kutembea upesi ukiinamisha kikaango, panga kamba mmoja mmoja wakilala ubavu, ukianzia saa kumi na mbili ya kikaango na kuzunguka kama mshale wa saa. Ukifanya hivyo utajua nani aliingia kwanza. Usiwaguse kwa sekunde 70. Utaona pembeni pakigeuka weupe na weupe ukipanda. Ukifika nusu ya unene, wageuze kwa mpangilio uleule. Upande wa pili wape sekunde 30 tu, kisha watoe kwenye sahani safi, si ile iliyobeba wabichi. Hapa bado wamebakiza kidogo kuiva, na ndivyo inavyotakiwa, watamalizikia kwenye mchuzi.

Punguza moto uwe mdogo. Tia kipande kimoja cha siagi na kitunguu saumu, koroga sekunde 30 hadi 40 mpaka harufu itoke na kingo ziwe rangi ya dhahabu hafifu. Tia pilipili, kisha mara moja mwagia supu mililita 60 na kukwangua chini ya kikaango kwa mwiko wa mbao. Ongeza moto, ichemke mpaka ibaki nusu, karibu dakika 1. Zima moto. Sasa rudisha kamba, tia siagi ya pili ikiwa baridi, na kijiko kimoja na nusu cha chai cha limau. Zungusha kikaango kwa mkono badala ya kukoroga. Siagi baridi inayeyuka taratibu na kushikana na supu, mchuzi unakuwa mzito na wenye kung'aa. Baada ya sekunde 30 onja chumvi. Onja sasa, si kabla, maana supu iliyopungua imekoleza chumvi yenyewe.

Chambua kuskusi kwa uma, mwaga kwenye sahani, kamba juu, mchuzi wote, majani. Kula.

Kujua kama kamba ameiva

Utasikia watu wakisema kamba aliyekunjwa kama herufi C ameiva na aliyejikunja kama O amepitiliza. Ni kipimo kizuri kwa kamba asiyepasuliwa. Uliyempasua mgongo hujikunja zaidi hata akiwa sawa, kwa hiyo usimwamini kwa umbo. Angalia palepale ulipotoa utumbo, sehemu nene karibu na kichwa. Nyama iwe nyeupe isiyopenya mwanga, bila ukijivu wa kioo katikati. Mwenye kipimajoto cha jikoni, nyuzi 63 katikati ndicho kiwango cha usalama kinachotumika sana kwa samaki na viumbe wa baharini.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kikaango kimejaa maji meupe: kamba hawakukaushwa, walikuwa na fosfati, au moto ulikuwa mdogo. Usiendelee kuwapika ukisubiri maji yakauke, watakuwa mpira. Watoe, yapunguze maji hayo motoni peke yake, yageuze kuwa mchuzi. Rangi umeikosa, chakula hujakikosa.

Mchuzi umeachana, mafuta juu na maji chini: siagi ya pili iliingia ukiwa bado unachemka. Tia kijiko kimoja cha chakula cha maji baridi, zungusha kwa nguvu nje ya moto. Mara nyingi unarudi.

Kuskusi ina mabonge: ilikorogwa kwa kijiko ikiwa imelowa, au ilimwagwa mahali pamoja. Uma na nusu kijiko cha chai cha mafuta hutenganisha. Ikiwa kavu na inakwaruza meno, nyunyiza kijiko cha chakula cha supu ya moto, funika dakika 2. Ikiwa bokoboko, iache wazi kwenye moto mdogo dakika 1 bila kukoroga. Haitakuwa kamilifu, ila italika.

Kitunguu saumu kimekuwa kahawia iliyokoza: kitoe, futa kikaango, anza upya na siagi nyingine. Uchungu wake haufichiki.

Ukitaka nafaka nyingine

Wali kwa mtu mmoja, upike kama tambi. Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribiana na ujazo wake, kinachobadilika ni mvuke. Kwa kikombe kimoja kwenye sufuria pana mvuke ni sehemu ndogo, kwa theluthi ya kikombe mvuke unaweza kuwa sawa na maji yote yaliyonywewa, na hapo kila uwiano ulioukariri unavunjika. Chemsha lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, tia gramu 75 za mchele mrefu uliooshwa, pika dakika 10 hadi 12, onja punje, chuja, rudisha kwenye sufuria isiyo na moto, funika dakika 4. Utachambuka. Supu ya maganda yote iende kwenye mchuzi, ipungue mpaka theluthi. Mchele wa kahawia unahitaji dakika 25 hadi 30, huo si wa jioni ya haraka.

Bulguri laini (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupasuliwa), gramu 60 kwa supu mililita 110, inalowa kwa dakika 12 kwa njia ileile ya kuskusi. Iliyo nene inahitaji kuchemka.

Ukitaka kiumbe kingine

Ngisi gramu 150 waliosafishwa, wakatwe pete za sentimita 1, wakaushwe kwa bidii kuliko hata kamba. Sekunde 60 hadi 90 kwenye moto mkali, basi. Kati ya dakika 2 na dakika 30 ngisi ni mpira, kwa sababu misuli imekaza na kolajeni, protini ngumu inayoifunga, bado haijayeyuka. Ama haraka sana ama pole sana, katikati hakuna.

Mnofu wa samaki mweupe wenye ngozi, gramu 150 na unene wa sentimita 2, uweke ngozi chini kwa dakika 4 hadi 5, ubonyeze sekunde 20 za kwanza usijikunje, geuza dakika 1. Hapa hakuna maganda, tumia maji yaliyochemshwa na kipande cha ganda la limau.

Kamba waliokwisha kupikwa, wale walio waridi ndani ya pakiti, wapashe tu kwenye mchuzi sekunde 45. Ukiwakaanga unawapika mara ya pili.

Kilichobaki

Kamba waliobaki uwale wakiwa baridi kesho yake. Kuwapasha ni kuwaua. Wali uliobaki usiuache juu ya meza mpaka usiku uishe. Mbegu za bakteria wa Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu wanayoweza kuiacha haitoki hata ukipasha tena. Utandaze kwenye sahani upoe, uingie friji ndani ya saa 1, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa mara moja tu mpaka uvuke wote.

Supu ya maganda ikizidi, igandishe kwenye vyumba vya barafu, vipande vinne vya kawaida ni karibu mililita 100. Maganda yaliyochujwa yafunge kwenye mfuko, yaweke friza mpaka siku ya kutoa taka. Yakilala jikoni usiku mmoja, asubuhi utayajua tangu mlangoni.